Sawa Sabini na Tatu

Jumapili ile nilisimama mbele ya mlango wa kwao nikiwa na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, pakiti mbili za biskuti mkononi, na dhambi moja kifuani. Shati na biskuti vilionekana. Dhambi niliifungia vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, halafu unihukumu. Mimi nilijaribu kujihukumu mwenyewe, lakini hakimu alikuwa ndugu wa mshtakiwa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Wanafunzi wananiita Desimali, kwa sababu, wanasema, ni mdogo lakini nipo. Yeye, binti wa nyumba ile, ni mwalimu wa jiografia. Shule zetu ni mbili tofauti, na tusingekutana maishani kama wakuu wetu wasingetupeleka mafunzo kazini: Jumamosi kumi na mbili mfululizo, katika kituo cha walimu chenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa huruma. Walimu thelathini na mmoja, watu wazima na vipara vyao, tumepangwa kwa mistari tunajifunza upya kufundisha. Ukitaka kuona utukutu, usiende kwa watoto. Waweke walimu darasani. Tulichelewa, tulinong'onezana, tuliomba ruhusa ya kutoka na wengine hawakurudi hadi chai.

Jumamosi ya kwanza alikaa mbele yangu. Ya pili, kando yangu. Ya nne nilimwandikia kwenye pembe ya daftari lake: "Mwalimu, moyo wako uko latitudo ya ngapi?" Akanijibu kwa kalamu nyekundu: "Swali halieleweki. Rudia vizuri. Sawa?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Tukutane saa nane, sawa? Usinisindikize hadi getini, watu wanatuona, sawa? Hata siku aliyonitamkia, kwenye ngazi za kile kituo, mvua inanyesha na tumebaki wawili tu, alisema, "Nakupenda, sawa?" kama mtu anayetoa kazi ya nyumbani. Nikasema sawa. Nikarudi kwangu kwa miguu kwenye mvua, wala sikujua nimelowa.

Jumamosi ya saba mkufunzi wetu, mama mmoja mwenye miwani puani na nyingine kichwani, alitupa kazi. Kila mwalimu atembelewe darasani na wenzake wawili. Wakae nyuma, waangalie kipindi kizima, wajaze fomu ya utazamaji. Majina yasiandikwe. Fomu angezichapa upya yeye mwenyewe, ili hata mwandiko usijulikane.

"Na mniletee ushahidi," alisema. "Msiniandikie 'amefundisha vizuri'. Vizuri ndiyo nini? Nionyesheni."

Tuliopangiwa kumtazama yeye, mwalimu wangu wa jiografia, tulikuwa mimi na mwalimu wa kemia tuliyempachika jina la Kiyoyozi, maana akiingia chumbani ubaridi unaingia naye. Hacheki, haongei, anakunywa chai yake amesimama.

Jumatano nikakaa na Kiyoyozi nyuma ya darasa lake. Sikiliza, nilikuwa mtu aliyependa. Amesimama ubaoni, mkono wa gauni umejaa vumbi la chaki, anaeleza habari za mistari ya ramani, na mimi natazama mdomo. Nikajiambia, Desimali, uko kazini, jishughulishe. Basi nikafanya kile ninachokiweza. Nikahesabu. Kila alipouliza "sawa?" nikachora kijiti. Vikifika vitano, nafunga fungu. Kengele ilipolia nilikuwa na mafungu kumi na manne na vijiti vitatu.

Nikaandika fomu yangu hivi: "Mwalimu ameuliza 'sawa?' mara sabini na tatu katika dakika arobaini. Wanafunzi wamejibu 'sawa' mara sabini na tatu. Hadi mwisho wa kipindi hakuna aliyejua ni kitu gani hasa kilichokuwa sawa." Chini nikachora grafu ya nguzo, dakika kwa dakika, kwa rula. Nilijua wa kwanza kuisoma atakuwa mkufunzi, na nilitaka acheke. Ndivyo nilivyo. Nikiona uso ambao haujacheka, nawashwa.

Jumamosi iliyofuata mkufunzi akaisoma kwa sauti mbele ya wote.

"Simtaji mwalimu aliyefundisha," alisema, "lakini huu ndio ushahidi ninaoutaka!" Akairusha grafu yangu ukutani kwa projekta, kubwa kama mlango wa gereji.

Chumba kikapasuka. Mwalimu wa michezo alijifuta machozi kwa tai yake. Na yeye alicheka pia, sekunde mbili tatu, hadi vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja kumtazama, kwa sababu hakuna mtu katika chumba kile ambaye hakujua neno lile ni la nani. Kicheko kikabaki usoni mwake, furaha yenyewe imeshaondoka.

Wakati wa chai alinivuta nyuma ya jengo. Alikuwa na fomu zake mbili mkononi.

"Najua ni Kiyoyozi," alisema. "Yule mtu hana damu. Anakaa vile kimya kumbe anahesabu." Halafu akaifungua karatasi ya pili, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Lakini hii nyingine. Hii yako. Sijawahi kuandikiwa maneno kama haya tangu nianze kazi. Kama si hii ningeshaondoka. Asante, sawa?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi kubwa, ungepitisha lori na tela lake.

Nikasema, "Sawa."

Sasa unaelewa nilichobeba. Kumcheka kulikuwa ujinga, na ujinga husameheka. Nilipokea shukrani ya mtu mwingine, nikaivaa, na ikanikaa.

Tangu siku hiyo akawa hamsalimu Kiyoyozi. Anapita mbele yake kama anapita mbele ya kabati. Na darasani kwake, aliniambia, sauti ilianza kumkwama. Anaeleza kitu, anafika mwisho wa sentensi, neno linakuja, analing'ata, na mbele yake watoto arobaini wanasubiri. Jumamosi ya kumi na moja alimwambia mkufunzi kuwa hatafundisha somo la mfano la mwisho. Bila somo hilo hakuna cheti, mafunzo yote angeanza upya mwaka unaofuata, na nafasi ya kuongoza idara shuleni kwake, aliyoingoja miaka minne, angepewa mwingine.

"Njoo nyumbani Jumapili," aliniambia. "Baba anataka kukuona kabla ya mambo yetu kwenda mbele. Na labda wewe utanirudisha. Wewe ndiye uliyeniona vizuri."

Ndiyo nikafika pale mlangoni na biskuti.

Mlango ulifunguliwa na shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alinitazama kutoka juu kwenda chini. Safari haikuwa ndefu.

"Huyu ndiye?" aliuliza nyuma, kana kwamba ni meza imeletwa na fundi.

"Ndiye, shangazi."

"Nilidhani atakuwa mrefu."

"Shikamoo, shangazi," nikasema. "Nikikaa hakuna tofauti."

"Marahaba. Na mdomo anao! Ingia basi, unatuingizia nzi."

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Picha za darasa ukutani, za miaka na miaka, watoto wamepangwa kwa urefu na mwalimu yuleyule pembeni, nywele zikipungua picha hadi picha. Mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mikono kilichogeuzwa upande, shingo ameielekeza kidogo kulia. Alipokea salamu yangu kwa kunisoma midomo.

"Karibu, kijana. Kaa karibu nami. Sawa?"

"Sawa, mzee."

Upande wa kulia shangazi alikuwa ameshajaza kiti na hakuonyesha dalili za kuhama. Nikakaa kushoto.

"Nasikia unafundisha hesabu. Somo safi. Halina uongo. Sawa?"

"Sawa, mzee," nikasema.

"Chai ile pale, jimiminie. Usingoje kukaribishwa. Sawa?"

Yeye, mwalimu wangu wa jiografia, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia, ananitazama kwa yale macho ambayo wiki tatu zilizopita ningeyafia. Alitabasamu. Mimi, chini ya meza, kidole changu kilikuwa kinachora vijiti pajani. Kilikuwa kimeanza chenyewe. Kilipochora cha tatu, nikakikamata kwa mkono mwingine.

"Usimshangae kaka yangu," shangazi akasema. "Sawa, sawa, asubuhi hadi jioni. Na binti yake kairithi yote. Mimi katikati yao naishi kama mwanafunzi aliyerudia darasa."

"Ni sikio," yeye akasema kutoka mlangoni. "Mweleze, baba."

Mzee akacheka kidogo, akagusa sikio la kushoto. "Hili lilikufa nikiwa na miaka ishirini na sita. Homa. Nimetoka kitandani, upande mmoja kimya. Nikasema basi, ualimu umekwisha, nitawasikiaje watoto? Mtoto wa nyuma akinong'ona kwamba hajaelewa, mimi sitajua. Nikakaa nyumbani muhula mzima. Halafu nikarudi, nikawaambia: mimi nikisema 'sawa?', aliyeelewa atikise kichwa, ambaye hajaelewa asitikise. Nikawa nasikia kwa vichwa vyao. Miaka thelathini na minne, kijana, vichwa ndivyo masikio yangu. Sawa?"

Nilitikisa kichwa.

"Umeona?" mzee akasema kwa furaha. "Anajifunza haraka."

"Na huyu," shangazi akamwonyesha kwa kidole, "alikuwa wa miaka mitatu, anasimama mbele ya baba yake, 'Baba naomba maji, sawa?', asimwondokee mpaka aone kichwa kimetikisika."

Watu wote sebuleni walicheka. Mimi nilicheka pia. Nilijisikia nikicheka, na kilikuwa kicheko kilekile nilichokiona usoni mwake siku ya grafu.

Mzee akaweka kikombe chini. "Basi, huyo mwenzenu aliyeandika. Binti yangu anataka nimchukie, nimejaribu, nimeshindwa. Angekuja hapa ningemwonyesha tu hizi picha. Lakini wewe ulimwandikia vizuri. Hebu, mama, lete ile karatasi. Nataka aisome mwenyewe, nimsikie mwanaume anayesema maneno hayo juu ya mwanangu."

"Baba, jamani," yeye akasema, lakini alikuwa ameshafungua pochi kwa mkono mmoja, sinia kwenye mkono mwingine. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na imelegea kwenye mikunjo, kama kitu kinachofunguliwa kila siku. Akaniwekea mkononi. Vidole vyake vilikuwa na joto la sinia.

Sikuwahi kuisoma. Unaelewa? Wiki tatu nimeshukuriwa kwa karatasi nisiyoijua.

Nikasoma. "Mwalimu huyu haendi mbele kabla ya kuuliza. Anauliza, na anasubiri. Mara sita alirudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja tu ambaye hakuelewa. Nimefundisha miaka kumi na moja na sikumbuki kurudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja. Nimetoka darasani kwake nikiona aibu..."

Nikaishusha karatasi.

"Endelea," shangazi akasema. "Au umesahau ulichoandika?"

"Si mimi," nikasema.

Yeye akainamisha kichwa upande. "Nini si wewe?"

"Hii si yangu. Ya Kiyoyozi ni hii. Yangu ni ile nyingine. Ile ya grafu."

Sinia halikuanguka. Kwenye hadithi masinia huanguka. Yeye aliliweka mezani polepole, akanyoosha kitambaa chake, kona moja, kona nyingine.

Mzee alikuwa ananigeukia, ametega sikio zima. "Sema tena, kijana. Uko upande wangu mbovu, sijakupata."

Nikamtazama yeye. Hakunisaidia.

"Nimesema, mzee, ile ya..."

"Kwa sauti."

"ILE YA SABINI NA TATU NILIANDIKA MIMI, MZEE!"

Mbwa wa jirani alibweka. Biskuti ya shangazi ilikatikia kwenye chai, ikazama. Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza namna ile, na nimesimamia mitihani ya taifa.

"Nimesikia," mzee akasema. Akazitazama picha zake ukutani, moja baada ya nyingine, kama anayehakiki kama zote bado zipo.

"Mfupi wa mwili na wa akili," shangazi akasema, ila bila nguvu. "Na biskuti kaleta!"

Yeye alitoka nje. Nikamfuata barazani. Alikuwa ameegemea nguzo, mikono kifuani, anaangalia kamba ya nguo za majirani.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilitaka mkufunzi acheke."

"Hilo nimelielewa, wewe ungechekesha hata msiba. Nauliza kwa nini ulipokea asante yangu."

Nilitafuta mzaha. Nakiri hilo pia. Hata pale nilipapasa mifukoni mwa kichwa changu nikitafuta kitu cha kumchekesha, na mara ya kwanza nikakuta mifuko mitupu.

"Kwa sababu ulinitazama vile," nikasema. "Ulinitazama kama mtu bora kuliko nilivyo, nikaona nikisema ukweli hutanitazama hivyo tena."

"Sasa je? Nakutazama vipi?"

Alikuwa hanitazami kabisa.

"Hesabu yako ilikuwa sahihi?" akauliza.

"Sabini na tatu. Niliikagua mara mbili."

"Na vichwa ulihesabu?"

"Vichwa gani?"

"Ulikaa nyuma kabisa, Desimali. Mbele yako, karibu na dirisha, palikuwa na msichana mwenye sweta ya kijani. Hasemi. Tangu mwaka uanze sijamsikia akisema. Wenzake wakiitikia 'sawa' kwa kelele, yeye kichwa chake hakitikisiki, basi narudi. Nasema tena kwa njia nyingine. Nauliza tena. Siku hiyo alitikisa kichwa mara ya sita nilipouliza. Nilitamani kulia ubaoni pale." Akavuta uzi uliolegea kwenye mkono wa gauni. "Nilidhani umemwona. Nilipoisoma ile karatasi nilijiambia, ndiyo maana nampenda huyu mtu, amemwona. Kumbe alikuwa Kiyoyozi. Na wewe ulikuwa umekaa hatua mbili tu kutoka kwake unachora vijiti."

"Nisamehe."

"Kabla ya kuniomba mimi msamaha, kuna mtu sijamsalimu wiki tatu kwa sababu yako. Anza naye."

"Na sisi?"

"Sijui." Akajipangusa jicho kwa kiganja, haraka, kama anafuta ubao. "Baba alitaka kukupa siku ya kuleta wazee wako. Leo, baada ya chai. Shangazi alikuwa ameshachagua hadi gauni. Sasa nitawaambia nini?" Kisha akajinyoosha. "Somo la mfano nitafundisha. Nilitaka kulikimbia kwa ajili ya maneno ya mtu niliyemwogopa. Kumbe ni wewe, na wewe sikuogopi. Jumamosi uje. Ukae nyuma, kama siku ile. Usilete kalamu."

Akaingia ndani.

Nilibaki nimesimama barazani nikisubiri kitu, na ilinichukua muda kukijua. Hakuwa ameniuliza sawa.

Kiyoyozi nilimkuta Jumatatu katika maabara yake, anaosha chupa za majaribio. Nikamwambia yote, bila kupamba. Alizima bomba.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Tulikuwa watu wawili. Mimi si wa hesabu, lakini mbili toa moja naiweza."

"Mbona hukusema? Alikuwa anakupita kama ukuta!"

Alikausha chupa, akaiangalia kwenye mwanga. "Nilimwona alivyokushika mkono wakati wa chai. Nikafikiri, kati ya kunichukia mimi na kukuchukia wewe, kipi kitamuumiza zaidi." Akaipanga chupa kwenye rafu. "Mimi nimezoea ubaridi."

Yule ndiye mtu tuliyekuwa tukimcheka. Na jina lile nililitunga mimi, kama ulikuwa hujabashiri.

Jumamosi ya kumi na mbili kituo kilijaa. Katikati walipangwa wanafunzi thelathini wa kuazima kutoka shule ya jirani, na sisi walimu tukawazunguka kwa viti vya plastiki. Baba yake alikuja, akakalishwa pembeni, sikio zima mbele. Nilikaa nyuma. Mfuko wa shati ulikuwa mwepesi bila kalamu, nikawa naugusagusa.

Aliingia na mpira na tochi. Somo lilikuwa kwa nini saa zinatofautiana duniani. Alimsimamisha mtoto mmoja ashike jua na mwingine aizungushe dunia, na dunia ikaanguka, ikabingirika chini ya kiti cha mwalimu wa michezo, wakacheka wote. Aliongea vizuri. Alifika mwisho wa sentensi ya kwanza, akanyamaza. Akavizungukia vichwa kwa macho, kimoja kimoja, bila kuuliza. Akaendelea. Sentensi ya pili, kimya, macho. Niliona alivyokuwa analimeza, kila mara, kitu kidogo kinashuka kooni.

Sikuwa na kalamu lakini nilihesabu, sina ugonjwa mwingine. Dakika arobaini.

Sifuri.

Nimeandika sifuri ubaoni mara elfu na sikujua kama inaweza kuuma.

Makofi yalipigwa. Mkufunzi alisimama, miwani zote mbili zimepanda kichwani. "Mmeona? Mwalimu alikuwa na tabia moja, akapewa maoni ya wenzake, ameifuta kabisa! Hiki ndicho tulichokuja kujifunza. Aliyeandika ile fomu, popote alipo, ajipongeze."

Nikasimama. Miguu ilisimama kabla yangu.

"Fomu ile niliandika mimi," nikasema. "Na ilikuwa na makosa."

Watu wakaanza kucheka, kwa mazoea, Desimali kasimama. Walipoona uso wangu wakaacha.

"Makosa gani?" mkufunzi akauliza. "Ushahidi ulikuwepo."

"Nilihesabu maneno, sikuwahesabu watoto. Palikuwa na mmoja ambaye hakuelewa, na mwalimu alikuwa anamtafuta. Mwenzangu wa kemia alimwona, akaandika vizuri, na sifa zake nikazichukua mimi. Ile grafu naomba uifute. Haionyeshi kitu." Nikataka kukaa, nikakumbuka. "Na huyu mwenzetu jina lake si Kiyoyozi. Nilimpa mimi. Hilo pia naomba lifutwe."

Mwalimu wa kemia aliangalia viatu vyake. Mkufunzi alinitazama kwa muda, akashusha miwani moja puani, akaandika kitu kwenye daftari. Hakuna aliyecheka. Nikakaa katikati ya ule ukimya, na nilistahili kila dakika yake.

Vyeti vilipotolewa, cha kwake alikipokea na kwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa kemia. Sikusikia walichosema. Niliona tu amempa mkono na yule bwana, nakuapia, ametabasamu.

Nje nilikuwa nimeshafika getini niliposikia sauti yake nyuma. Alikuwa anamshikia baba yake mkono kwenye ngazi zilezile za siku ya mvua.

"Kuna ngazi mbili zaidi, baba, sawa?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Halafu tunapumzika kidogo kivulini, sawa?"

Mzee akatikisa kichwa.

Neno lilikuwepo, basi. Lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Nililisikiliza nikiwa nimeshika nondo za geti, kama mtu anayesikia redio ya nyumba aliyofukuzwa.

Wakanifikia. Mzee alisimama mbele yangu, akajigeuza kidogo ili niwe upande wake wa kulia. Mwenyewe, bila kuombwa. Yeye alikuwa anaangalia barabara.

"Baba anasema uje Jumapili," akasema. "Anataka kukuonyesha zile picha. Saa kumi."

Nikasubiri.

Alinitazama, mara ya kwanza tangu barazani. Midomo yake ilisogea kidogo, ikatulia. Akaupitisha mkono wa baba yake kwenye kwapa lake, wakaondoka taratibu, wakifuata kivuli cha ukuta.

Hakuwa ameniuliza. Mimi nilitikisa kichwa, na niliendelea kukitikisa mpaka walipokata kona.